Kakonokono ka mu bahari

SWALI: Mwalimu, jambo sana. Mtoto wangu wa primere ya sita hapa Goma alikuwa anatafsiri somo la yule konokono mwenye chuma mguuni. Akaandika: "Kakonokono ka mu bahari, ka chini sana, kako na magamba ya chuma." Shemeji yangu wa Kigoma akacheka, eti hicho si Kiswahili. Ni kweli? (Mama wa Himbi)

JIBU: Mama, mwambie shemeji apunguze kucheka. Ka- na wingi wake tu- (katoto, tutoto) ina kanuni zake kamili, na hapa Goma tunaisema kutwa. Ila Kiswahili sanifu, kile cha mtihani, hudogosha kwa ki-, na hapo pana mtego: ukiandika "kikonokono" inabidi uendelee "hiki kinatambaa", na masikioni ni kama unakidharau. Afadhali "konokono mdogo": huyu anatambaa, hawa wanatambaa. Mdogo ni kweli, hafiki hata sentimita 5.

"Ka chini sana" ningeibadilisha hata nyumbani. Chini ya nini? Tuna neno kilindi, mahali penye maji marefu; ndilo lililozaa Kilindini, bandari ya Mombasa. Kina ni kipimo tu. Konokono huyu aligunduliwa mwaka 2001 katika Bahari ya Hindi, kwenye chemchemi za maji moto, kina cha mita 2,400 hivi. Basi ni konokono wa kilindini. (Ziwa letu la Kivu nalo lina kilindi, karibu mita 485, lakini huko chini hakuna oksijeni, konokono wake wanakaa juu juu, karibu na ufuko.)

Neno gumu kuliko yote shemeji hakuligusa: magamba. Gamba ni la samaki, na nyumba ya konokono pia huitwa gamba. Sasa mnyama huyu anavyo vyote viwili! Watu wa pwani wangeiita ile nyumba kombe, lakini Goma ukisema kombe mtoto anawaza mpira. Mimi ningeandika "nyumba" kwa ile ya mgongoni, "magamba" yabaki ya mguuni. Nayo si chuma kitupu, ni chuma kilichoungana na salfa.

Kwa hiyo daftarini aandike: "Konokono mdogo wa kilindini, mwenye nyumba mgongoni na magamba ya chuma na salfa mguuni." Jikoni aendelee na kakonokono kake.