Anayejihisi mbwa mwitu na hukmu ya kutafakari

Swali: Nina miaka 19, mzaliwa wa Mombasa, nasoma Kanada. Tangu utotoni najihisi ndani yangu ni mbwa mwitu; wenye hisia hii huku hujiita theriani. Huketi kimya nikifuata pumzi ili nijielewe. Ustadhi mmoja kaniambia nimelaaniwa kama waliogeuzwa manyani. Mama hajui. Niache?

Jawabu: Mwanangu, jibu ulilopewa limenisumbua kuliko swali lako. Aya ya 65 ya Surat Al-Baqara yataja adhabu ya watu walioihalifu Sabato kwa makusudi. Wewe umehalifu nini kwa kuhisi? Hata wao, Mujahid, mfasiri wa kale wa Qur'ani, alisema ni nyoyo zilizogeuzwa, ingawa wafasiri walio wengi wamesema miili. Na katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya manyani na nguruwe, alieleza kuwa waliogeuzwa hawakujaaliwa kizazi, na wanyama hao walikuwepo kabla yao. Anayemtwika laana hiyo binti anayeswali amemsemea Mwenyezi Mungu asilolijua, na hilo ndilo la kuogopwa.

Kuketi na pumzi kwa asili yake ni halali. Muhasaba (kuihesabu nafsi) na muraqaba (kukumbuka kuwa Mungu anakuona) tumezirithi. Lakini usiite roho ya mnyama, wala usifuate zile safari za kuwazia, kwa mdundo wa ngoma, kuwa unashuka shimoni kumlaki mnyama mlinzi. Na ukiambiwa uliwahi kuishi ukiwa mbwa mwitu kabla ya kuzaliwa, hiyo ni tanasukhi, imani ya roho kuhamia mwili mwingine. Hapo sina la kulegeza.

Keti dakika 10 baada ya Alfajiri, nyayo sakafuni, macho nusu wazi, ukihesabu pumzi 1 hadi 10 na kurudia. Ikija hisia ya mkia au manyoya, usiifukuze wala usiilishe. Itazame: iko wapi mwilini, na nini kiliitangulia, kelele, aibu, au upweke wa ugenini? Andika mistari miwili, usome yote baada ya wiki mbili. Wengi huharibikiwa kwa kuketi na picha ya msitu na mlio tayari kichwani. Akili ikiagizwa picha huichora, kisha mtu huifanya ushahidi wa alivyo, kumbe kaichora mwenyewe.

Ukijiona unapotea, fumbua macho, tia udhu kwa maji baridi, ukanyage sakafu kwa nguvu. Ukisikia sauti zinazokuamuru, ukakosa usingizi siku kadhaa, au ukaamini mwili wenyewe unageuka, acha kabisa na umwone daktari wa akili. Hayo ni maradhi, yana tiba.

Hisia hii haitengui udhu wala haikutoi safuni. Mama yako mwanzie na upweke, maana huo ataujua mara moja. Neno theriani mwache aliulize mwenyewe. Wallahu aalam.