Treni imesimama, wanasema ni ishara: majibu ya maswali yenu

Tangu watu wa huku kusini waanze kushuka basi Dar na kuunganisha treni kwenda Moro na Dodoma, maswali ya reli yananijia kuliko ya bei ya korosho. Safari hii mengi yanahusu hitilafu ya mfumo wa ishara. Twende.

Mjomba shikamoo. Treni tuliyopanda ilisimama porini muda mrefu, mvua hakuna, umeme upo maana feni zilikuwa zinazunguka, mhudumu akapita anasema "hitilafu ya mfumo wa ishara" halafu hatukumuona tena. Hiyo ishara ndo nini? (Chikongola, Mtwara)

Marahaba. Reli yote imegawanywa vipande, na kila kipande kinatakiwa kiwe na treni moja tu kwa wakati mmoja, sasa kazi ni kujua kipande kipi kina treni. Njia ya zamani, Mmarekani William Robinson aliipatia hati miliki 1872 na mpaka leo inatumika sehemu nyingi, ni kupitisha umeme mdogo kwenye zile reli mbili, unaingia upande huu na kule mwisho unashikilia rilei, yani swichi inayoshikwa na umeme na kuachia umeme ukikatika. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake (vyuma vinavyoshika gurudumu la kushoto na la kulia) zinaunganisha reli ya kushoto na ya kulia, umeme unaishia hapo hapo haufiki kule, rilei inaachia, taa inakuwa nyekundu kwa anayekuja nyuma. Utamu uko hapa: waya ukikatika, betri ikifa au reli yenyewe ikivunjika, rilei inaachia vilevile! Mtambo haujui kama ni treni au ni waya, unachukulia ni treni tu, na waliotengeneza walitaka iwe hivyo makusudi, kwamba ukiharibika uharibikie upande wa kusimama. Sehemu nyingine siku hizi wanatumia vifaa vya kuhesabu ekseli, zikiingia 40 zikahesabiwa 39 wakati wa kutoka basi kipande kinabaki "kina treni" mpaka mtu ahakikishe kwamba kiko tupu.

Kwaiyo kusimama kwenu mimi nakutetea kabisa. Mhudumu kupotea silitetei. Abiria akiambiwa "tunasubiri ruhusa, tutawapa taarifa kila baada ya robo saa" anatulia, akiachwa kimya anaanza kupiga simu nyumbani kuaga.

Kaka, kwani dereva hana macho? Njia nyeupe mbele, si aende tu mdogomdogo. (Masasi)

Macho anayo, breki ndo tatizo. Chuma juu ya chuma kinateleza, treni ya abiria ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa inaweza kuhitaji kilomita nzima na zaidi mpaka isimame, na kwenye kona au usiku dereva haoni mbali hivyo. Akiona kitu ameshachelewa. Ile SGR yetu, reli mpya ya umeme, inatumia mfumo wa Ulaya unaoitwa ETCS daraja la pili, yani ruhusa ya kwenda, mpaka wapi na kwa spidi gani, inaingia kwa redio kwenye skrini mbele ya dereva, na katikati ya mataruma kuna vibao vidogo vinavyoiambia treni iko wapi. Dereva akizidisha, treni inajifunga breki yenyewe.

Lakini wazo lako la mdogomdogo lipo kweli. Mwongozaji wa treni, yule aliyeko kituo cha kuongozea, akishajiridhisha anampa dereva ruhusa kwa mdomo, inaandikwa, inarudiwa neno kwa neno, na dereva anaenda spidi ya kuweza kusimama ndani ya anachokiona. Ndo zile dakika mnazoona treni inatambaa na watu wanaguna.

Hitilafu ilikuwa upande wa huku, treni ya upande wa pili nayo ikachelewa masaa. Inahusu nini jamani? (Nachingwea)

Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ikakatika Somanga, unakumbuka? Aliyekuwa Lindi na aliyekuwa Dar wote walikwama, maana njia ni moja. Reli zetu nyingi ni hivyohivyo, njia moja yenye sehemu za kupishana. Yako ikichelewa kufika sehemu ya kupishana, ya mbele inakusubiri, na inayokuja nyuma ya hiyo nayo inasubiri. Hitilafu inatengenezwa saa moja, ratiba inakaa sawa kesho yake.

Ni wezi wa nyaya hao? (Lindi mjini)

Saa nyingine ndio. Saa nyingine radi, maji yameingia kwenye boksi, panya, au kokoto imebana pale reli zinapobadilisha njia. Usimtukane mtu kabla hujajua.

Je mtambo unaweza kudanganya upande wa pili, useme twende wakati mbele kuna treni? Na ajali ya Igandu ilikuwa ishara? (Newala)

Unaweza, ni nadra, na ndo kitu watu wa reli wanakiogopa kuliko vyote. Tarehe 12 Desemba 1988 Clapham, London, walifariki watu 35. Fundi alibadilisha nyaya, waya wa zamani ukaachwa unaning'inia, ukagusa sehemu na kupeleka umeme usiotakiwa, taa ikakataa kuwa nyekundu. Uchunguzi ukakuta kwenye wiki 13 yule fundi alipumzika siku moja tu! India nako, Odisha, Juni 2023, nyaya ziliunganishwa vibaya, treni ya abiria ikaingizwa njia yenye treni ya mizigo iliyosimama, wakafa zaidi ya 290. Kwaiyo fundi akichukua muda kupima kila waya, mwache apime.

Igandu, Dodoma, Juni 2002, haikuwa ishara. Pale treni ilishindwa kushikika kwenye mlima ikarudi nyuma mpaka ikagonga ya mizigo, wakafa watu 281.

Babu anasema hata sisi tulikuwa na treni. Anatania? (Nachingwea)

Hatanii. Ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ukafa, reli ikaendelea kidogo ikafungwa 1962 na vyuma vikang'olewa. Sasa tunasubiri ya Mtwara hadi Mbamba Bay, tumeisikia sana.

Mwanangu, treni ilichelewa nikafika Dar basi la Mtwara limeshaondoka na nauli imepotea. Nani ananilipa? (Mikindani)

Pole mama. Shida ni kwamba tiketi zako ni mbili za kampuni mbili, mwenye basi atasema yeye aliondoka kwa wakati, na hapo hana kosa. Tunza tiketi zote, andika saa uliyotakiwa kufika na saa uliyofika, peleka malalamiko kwanza kwa waliokuuzia tiketi ya treni, wakikuzungusha nenda LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, wana baraza lao la watumiaji wa usafiri. Na siku nyingine usikate tiketi ya basi ya siku ileile, lala kwa ndugu Mbagala uondoke asubuhi.