Usimtumie huyo mtu wa boti hela yote

Mdogo wangu, simama kwanza. Umeuliza mambo matano: ulale wapi Kigoma ukiwa peke yako, kama mwanamke akitembea mwenyewe atasumbuliwa, ufukwe gani unafaa kuogelea, kama Ziwa Tanganyika lina mawimbi ya kuteleza kwa ubao, na bajeti ya siku tano. Halafu mwisho kabisa, kama kitu kidogo tu, ukasema umepata mtu WhatsApp wa kukupeleka Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya ziwa, kwa boti na kukurudisha, anataka laki tatu na nusu yote kwa simu kabla ya Ijumaa, na ukilipa kwa mkupuo anakutolea elfu hamsini. Hayo mengine yanasubiri. Hilo la mwisho ndilo limenifanya nikae kuandika usiku huu. Usitume.

Mimi nilituma. Julai 2019, nikiwa naishi Tabora, nilipata siku chache nikasema niende nikaone ziwa. Nilipanda treni usiku, asubuhi nikashuka Kigoma, mwisho wa reli, kwenye ile stesheni ya Mjerumani inayotazama maji. Boti nilikuwa nimeshailipia wiki moja kabla, kwenda na kurudi. Namba ya dalali nilipewa na kijana niliyefanya naye kazi, akaniapia, "Huyu ni mtu wangu, lala usingizi." Dalali naye alikuwa na maneno matamu: picha za boti, picha za wageni wanacheka, "dada wewe ni wa nyumbani, lipa yote nikupunguzie." Nikalipa yote. Nilijiona nimepata bei ya wenyeji.

Jumamosi asubuhi nikaenda Kibirizi, ufukwe zinakoondokea boti za Gombe, boti ipo, nahodha yupo, mtu mpole kabisa. Tulipita chini ya vilima vile hadi Kasekela, ndani ya Gombe, palepale alipofikia Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, mwaka 1960. Nilishuka ufukweni na begi langu, nahodha akanipungia mkono, akasema, "Haya dada, safari njema." Neno hilo sikulisikia vizuri siku ile, nalisikia mpaka leo. Mtu anayerudi kukuchukua kesho hasemi safari njema, anasema tutaonana kesho.

Sokwe niliwaona, na kwa hilo sijutii hata shilingi moja. Unapewa saa moja nao, unakaa mita kumi, na mama mmoja alipita na mtoto mgongoni kana kwamba mimi ni mti. (Ukiwa na mafua usipande kule, wanaambukizwa magonjwa yetu na yanawaua.)

Jumapili saa nane mchana ndiyo saa niliyoambiwa na dalali. Nikakaa ufukweni kuanzia saa saba, begi limefungwa. Saa nane ikapita. Saa tisa nikampigia, akapokea: "Boti iko njiani dada, kuna upepo." Saa kumi akapokea tena: "Wanamalizia mafuta." Saa kumi na moja simu ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo ninapokuandikia. Nyani wakaja wakanipokonya mkate mkononi. Siku hiyo haikupita boti yoyote ya abiria. Jua likazama upande wa Kongo, zuri mno, na mimi nimelitazama kwa machozi.

Sasa elewa kwa nini nalia. Treni yangu ilikuwa Jumapili hiyohiyo jioni. Jumatatu saa tano asubuhi nilikuwa na usaili Tabora, kazi ya kudumu, niliyoiomba miaka miwili. Usiku ule nililipa kitanda kingine, na kibali cha hifadhi kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo na hicho nikalipia upya. Alfajiri askari mmoja wa hifadhi, Mungu ambariki alipo, alisimama ufukweni akapunga shuka mpaka boti ya mbao iliyotoka kijiji cha Kagunga, kaskazini, ikasogea kunichukua. Nilikaa kati ya ndoo za mawese na akina mama wanaokwenda sokoni, wakanipa muhogo, hakuna aliyeniuliza kwa nini macho yamevimba. Kibirizi nilifika saa nne. Saa tano jina langu likaitwa Tabora na hakukuwa na mtu wa kuitika.

Nahodha nilimkuta palepale Kibirizi anatengeneza mashine. Nilimwendea kwa hasira zote. Akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Dada, mimi nilipewa mafuta ya kwenda na elfu themanini. Habari ya kurudi sikuambiwa." Unaona? Boti ilikuwa ya kweli na nahodha ni mtu mwema, tena mwenyewe alikuwa amedhulumiwa. Hela ya kurudi haikuwahi kufika ziwani. Ilibaki kwa mtu ambaye sikuwahi kuuona uso wake, na kipande chake kikaenda kwa yule kijana wa "huyu ni mtu wangu". Nilipomuuliza kijana, alinijibu eti nilipaswa kuwa makini. Yeye aliyekula kwenye hela yangu! Watu wa aina hiyo wanauza uaminifu wa marafiki zao kwa elfu ishirini na usiku wanalala. Na usiniambie huyo wako ana picha nzuri na watu wamemsifia. Wangu naye alisifiwa.

Kwa hiyo sikiliza, hili ndilo nililolipia: nusu ya kwenda, nusu ya kurudi, na nusu ya kurudi inatoka mfukoni mwako ukiwa umeshakanyaga mchanga wa Kibirizi, inaingia mkononi mwa nahodha mwenyewe. Siyo kwa simu wala kwa dalali, hata kama ni binamu yake. Nenda Kibirizi siku moja kabla, ni karibu tu na mjini. Ione boti. Hesabu maboya ya kuvaa, uliza mashine ya akiba iko wapi, uliza mafuta ya kurudi yamenunuliwa au bado. Chukua namba ya nahodha, mpigie hapohapo uisikie ikilia mfukoni mwake. Mwambie mbele ya wenzake, "Nusu yako iko hapa, kesho saa nane." Mwenye njaa ya hiyo nusu atakuja. Akikataa mpango huo, boti za abiria zinazopita Gombe kwenda Mwamgongo na Kagunga zipo. Ni za polepole na zimejaa mizigo, lakini unalipa nauli yako kama kila mtu na hakuna wa kukudai imani.

Na siku ya kurudi usiibane na treni wala kazi. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki unalichafua ziwa, hata nahodha mwaminifu anaweza kukataa kutoka, na akikataa mshukuru.

Kuhusu ubao: aliyekwambia Tanganyika kuna kuteleza amekudanganya pia. Ni ziwa refu la kilomita zaidi ya 600 na kina kinafika mita 1,470, lakini mawimbi yake ni ya upepo, mafupi, yamebanana, yanapiga chombo ubavuni, hayakubebi kama ya bahari. Ukitaka ubao nenda Paje, Zanzibar, na pale wengi wanavutwa na tiara. Kigoma kaogelee upande wa Katonga, ufukwe wa Jakobsen, maji unaona mawe ya chini. Kwenye majani na matope usiingie, kichocho kipo.

Malazi siwezi kukusaidia, nililala kwa shangazi, mtaa wa Mwanga hapohapo Kigoma. Kusumbuliwa, hapana, mimi sikusumbuliwa na mtu yeyote niliyemwona kwa macho.

Umesema kabla ya Ijumaa, na leo ni Jumatano. Nijibu tu neno moja, umeshatuma au bado? Kama bado, mwambie utamlipa nahodha Kibirizi, halafu njoo utuambie amejibu nini.