Muvi ya mawakili isiyo na haraka? Michael Clayton

Mkuu, umesema umechoka na muvi ambazo wakili anapiga meza, shahidi anaangua kilio, kesi imeisha. Unataka ya taratibu lakini roho isitulie. Tafuta Michael Clayton ya 2007, kaigiza George Clooney. Tony Gilroy kaiandika na kuiongoza mwenyewe, na ndiyo ya kwanza kwake kuongoza.

Nakutahadharisha: mara ya kwanza nilisinzia. Nilikuja kuirudia nikiwa tayari karani kwenye ofisi moja ya mawakili hapa Dar, na hapo ndipo iliponiingia. Miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kubeba majalada kwenda masjala, kusikia shauri "limekuja kwa kutajwa", yaani linatajwa tu bila kusikilizwa, kisha kurudi na jalada. Mahakamani penyewe kesi haionekani sana. Inapikwa maofisini, kwenye makaratasi.

Na muvi hii inalijua hilo. Huoni hata siku moja hakimu akisikiliza. Wakulima wanaidai kampuni ya kemikali kwa sababu ya dawa ya magugu, kesi ina miaka sita, na wakili anayeongoza utetezi wa kampuni, Arthur (Tom Wilkinson), anavua nguo zote katikati ya kuchukua ushahidi wa mlalamikaji nje ya mahakama. Clooney, wa ofisi moja ya mawakili na Arthur, anatumwa akamtulize. Naye ni wakili wa kuzima mambo: mteja akigonga mtu usiku, anapigiwa yeye. Shingoni ana deni la dola 75,000 la baa iliyokufa.

Lakini anayenikaa mimi ni Tilda Swinton, mwanasheria wa ndani wa ile kampuni ya kemikali. Yuko hotelini anavaa, huku anayafanyia mazoezi majibu ya mahojiano. Anasema sentensi, anaikata, anabadili neno moja, anaanza tena. Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu. Kuna siku niliingia chooni mahakamani nikamkuta shahidi wetu, bosi mzima, bomba kalifungulia maji ili asisikike, ananong'onezea kioo majibu yake. Aliponiona akajifanya ananawa. Swinton alipata Oscar kwa kazi ile, na kwangu ilimstahili kwa jasho la kwapani tu. Utaliona.

Kuna mauaji pia, sikwambii ya nani. Wanaume wawili wanaifanya kazi kimyakimya, kwa utaratibu, kama mafundi waliokuja kubadilisha mita ya umeme. Yalinitisha kuliko risasi zote nilizowahi kuziona kwenye muvi. Na bomu lenyewe la hadithi hii ni ripoti ya ndani ya kampuni, iliyochapishwa kopi kwa maelfu kwenye duka la kutoa kopi, majalada mekundu. Mimi niliyezoea kukesha steshenari nikisubiri mashine ipoe, hapo mwili ulisisimka.

Usiangalie iliyotafsiriwa na DJ, ataongea hadi penye ukimya. Na ukichanganyikiwa mwanzoni usiache: inaanzia karibu na mwisho, kisha inarudi nyuma siku nne. Farasi watatu juu ya kilima utawaona mara mbili. Mara ya pili ndiyo utajua walikuwa wanafanya nini pale.

Halafu majina yakianza kupanda usizime. Clooney yumo kwenye teksi, kamera iko usoni kwake tu, na bado hajamaliza kuigiza.