Saa ya kula au kiasi cha chakula? Majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa mwezi mzima sijala chochote baada ya saa 12 jioni, lakini uzito haujashuka hata kilo moja. Nakosea wapi? (Mwalimu, Uyole, Mbeya)

Saa hujaikosea, kinachonitia shaka ni sahani ya mchana. Anayejua kwamba jioni hatakula hujiwekea akiba bila kukusudia: ugali wa mchana huongezeka, andazi la saa 10 huwa mawili, na hesabu ya siku nzima hubaki ileile. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Guangzhou, China, kwa watu 139 wenye unene uliopitiliza, ambao wote walipunguziwa chakula kwa miezi 12, ila kundi moja lilitakiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Waliobanwa na saa walipungua wastani wa kilo 8 na wenzao kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuthibitisha kwamba saa iliongeza chochote.

Kwa hiyo nakushauri upime unga kabla haujaingia kwenye sufuria, kwa sababu ugali ukishasongwa huwa umebeba maji mengi na macho hayawezi kuukadiria. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kilokalori 360. Watu wazima wawili wanaosonga nusu kilo kwa mlo mmoja wanapata kilokalori 900 kila mmoja, mboga ikiwa bado haijahesabiwa. Wakisonga gramu 300, kila mmoja anapata 540, na nafasi iliyobaki kwenye sahani inajazwa maharage na mboga za majani. Chai nayo isisahaulike. Vijiko vitatu vidogo vya sukari kwa kikombe, mara vikombe vinne kwa siku, ni kilokalori 190 hivi. Najua kwamba Uyole ya mwezi Julai si mahali pa kumnyima mtu chai. Basi ipunguzwe sukari, chai ibaki.

Mume wangu ana duka hapa Mafinga na hurudi nyumbani saa 3 usiku. Ni kweli kwamba ugali wa usiku wote hugeuka mafuta kwa kuwa mtu anakwenda kulala? (Mama wa nyumbani)

Si kweli. Moyo, ini na ubongo havilali, navyo hutumia nishati usiku kucha; kinachowekwa akiba kama mafuta ni ile ziada inayobaki baada ya mahitaji ya mwili kutimizwa. Hata hivyo nisingependa uelewe kwamba saa haina maana yoyote. Katika utafiti wa Hispania wa mwaka 2013, uliowahusu watu 420 waliokuwa wakijipunguza uzito, waliokula mlo mkuu baada ya saa 9 alasiri walipungua kidogo kuliko waliokula mapema, na huko Boston, Marekani, mwaka 2022, watu 16 waliopewa vyakula vilevile kwa kuchelewa kwa muda wa saa nne hivi walisikia njaa zaidi. Mimi naona njaa ndiyo mlango ambao saa hupitia na kuvuruga kiasi.

Mumeo akikaa dukani tangu mchana bila kitu tumboni, hata sahani ya watu wawili itaonekana ndogo kwake. Ale mchana vizuri, na saa 11 jioni apate yai la kuchemsha au konzi moja ya karanga. Usiku mpakulie sahani yake jikoni, usimwekee hotipoti mezani ajihudumie mwenyewe. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2002 kwamba watu walioandaliwa gramu 1,000 za makaroni walikula asilimia 30 zaidi kuliko walipoandaliwa gramu 500, na wala hawakusema wameshiba zaidi. Kwetu mwenye kupakua kidogo huitwa mchoyo, kwa hiyo ni vema mkakubaliana naye kwanza.

Nikiacha sembe nikahamia dona, nitapungua? (Iringa mjini)

Si kwa kubadilisha unga peke yake, kwa maana kalori zake hazipishani sana. Dona ina nyuzinyuzi nyingi zaidi, na wengi huona kwamba inawashibisha mapema. Faida itapatikana iwapo utasikiliza shibe hiyo na kuacha kula.

Parachichi ni tunda, na huku Tukuyu tunayo mengi. Nile kadiri nipendavyo?

Ni chakula bora, lakini gramu 100 za nyama yake zina kilokalori 160 hivi, nyingi zikitokana na mafuta. Nusu parachichi badala ya mafuta ya kukaangia ni mabadilishano mazuri. Parachichi zima juu ya wali uliokwisha kuungwa mafuta ni mlo wa pili.

Nina kisukari. Je, niache kifungua kinywa ili nipungue? (Makambako)

Usiache kabla ya kuzungumza na daktari wako. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kuitoa, akiruka mlo sukari yake inaweza kushuka ghafla, akatetemeka, akatokwa jasho na hata kupoteza fahamu. Kwako wewe saa ya kula imefungwa pamoja na saa ya dawa, kwa hiyo hiyo usiiguse. Kiasi ndicho kinachoweza kupunguzwa kidogo kidogo, huku kliniki ikiangalia kama dozi nayo inahitaji kubadilishwa.