Filamu za majaribio mtandaoni: anza na bando lako

Watu wakijua naangalia filamu fupi za majaribio (zile zisizofuata stori ya kawaida) na sanaa ya video (kazi za video za wasanii wa maonyesho) huwa wananiuliza "sasa unazipata wapi?" na kuna swali la pili hawalisemi ila naliona machoni, kwamba hivi huyu anaelewa kweli au anajifanya. Hilo la pili tutalifikia. Mi naanza na bando, maana wanaoandika mambo haya karibu wote wana waifai ya nyumbani na hakuna anayekwambia kwamba MB zako ndo zitaamua kama filamu utaiona au hutaiona.

Iko hivi. Video inayokuja kwenye simu imebanwa iwe nyepesi, na inabanwa kwa ujanja kwamba kitu ambacho hakijabadilika toka fremu moja (yaani picha moja kati ya zile zinazounda video) hadi nyingine hakitumwi upya, kinatumwa kilichobadilika tu. Kwa taarifa ya habari haina shida, mtangazaji kakaa, ukuta umetulia, kinachocheza ni mdomo. Sasa chukua Mothlight ya Stan Brakhage, Mmarekani, ya 1963. Jamaa hakushika kamera kabisa, alikusanya mabawa ya nondo (wale wadudu wanaojichoma kwenye taa usiku), petali za maua, majani, akavibandika katikati ya selotepu mbili nyembamba zenye upana wa mkanda wa filamu wa milimita 16, halafu maabara wakachapisha nakala. Kwa hiyo kila fremu ni kitu kingine kabisa, hakuna cha kurudia, na ule ujanja wa kubana unashindwa. Ukiiweka ubora wa 240 unaona viboksi viboksi vya kahawia, unafunga unasema hawa watu wanatuchezea akili, kumbe hujaiona. Ni dakika kama nne tu bana, iweke 1080, na uisimamishe mara mojamoja katikati, utaona mishipa ya bawa la mdudu imekaa kwenye kioo cha simu yako wazi kabisa. Haina sauti, usihangaike na hedifoni.

Upande wa pili kuna filamu zinazovumilia bando dogo. La Jetée ya Chris Marker, Ufaransa, 1962, dakika 28, karibu yote ni picha mnato na mtu anasimulia juu yake, isipokuwa sehemu moja fupi sana ambapo picha inajongea kweli (sikwambii ni wapi, tulia uione). Hiyo hata 360 inapita. William Kentridge wa Johannesburg naye hivyohivyo, anachora kwa mkaa kwenye karatasi, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena palepale, anapiga tena, mchoro mmoja unatumika mpaka unachakaa. Mfululizo wake ulianza 1989 na Johannesburg, 2nd Greatest City After Paris. Ile mikaa iliyofutwa haiishi kabisa, inabaki kama kivuli nyuma ya kila kinachotembea, na ndo utamu wenyewe, kwa hiyo usishuke chini ya 480 maana kivuli ndo kinachokufa kwanza.

Haya, wapi. Kwanza achana na kusachi "filamu za majaribio" kwa lugha yoyote ile, utaletewa video za wanafunzi wanaotembea msituni na moshi na muziki wa kutisha. Sachi jina la mtu. Ukimpenda mmoja, soma majina yanayopita mwisho, nani kaediti, nani kafanya sauti, nani msambazaji, halafu sachi hayo. Mi nimepata vitu vizuri kwa njia hiyo kuliko kwa mapendekezo yoyote ya YouTube. Msambazaji ndo wa muhimu zaidi, kama vile Video Data Bank ya Chicago au LUX ya London, kwa sababu kwenye tovuti zao wasanii wamepangwa kwa majina na unaweza kushinda siku nzima unasoma tu bila kuchezesha hata video moja, bando halijaguswa, unatoka na orodha.

UbuWeb, tovuti ya kuhifadhi sanaa ya majaribio, ipo tangu 1996, aliianzisha mshairi wa Marekani Kenneth Goldsmith, ina vitu vya zamani ambavyo pengine ungevikuta makumbusho tu, ila nakala nyingi hali yake ni mbaya, na mengi aliyaweka bila kuomba ruhusa, hilo hajawahi kulificha. Ukitaka safi na ya halali, bodi ya taifa ya filamu ya Kanada, nfb.ca, wana vitu vingi vya bure. Huko anza na Neighbours ya Norman McLaren, 1952, dakika nane, majirani wawili wanagombea ua moja lililoota mpakani. Ukoo gani hauna kesi ya mpaka wa kiwanja? Waigizaji ni watu halisi lakini wamepigwa picha fremu kwa fremu kama vikaragosi, mtu anateleza kwenye nyasi amesimama wima. Ilipata Oscar. Tovuti ya Le Cinéma Club nao wanaweka filamu moja kila wiki, bure, wiki ikiisha wanabadilisha, hao ukilala umekosa.

Na kama unataka kuanza na kitu cha kwetu, Yellow Fever ya Ng'endo Mukii wa Kenya, 2012, ipo Vimeo (tovuti ya video kama YouTube). Inahusu mkorogo, kachanganya uchoraji na miili ya watu wanaocheza, na kuna mtoto anaongelea rangi ya ngozi yake kwa namna ambayo mi ilinibidi nisimamishe kidogo.

Kuhusu kuelewa. Mi siku hizi sijiulizi inamaanisha nini, najiuliza imetengenezwaje, basi. Nikishajua Brakhage alibandika mabawa sina tena haja ya kutafuta stori, macho yanajua yatafute nini. Michael Snow wa Kanada ana Wavelength ya 1967, dakika 45 za kamera inayozumu polepole chumba kizima mpaka picha iliyobandikwa ukutani, na mwenyewe 2003 akatoa toleo la dakika 15 kwa ajili ya wasio na muda, kwa kuikata vipande vitatu na kuvibebanisha juu kwa juu. Alikuwa anatania huyo mzee, na ukijua alikuwa anatania inaangalika.

Sanaa ya video ina tatizo lake. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya chumba cha maonyesho, sio kioo cha simu. Ever Is Over All ya Pipilotti Rist, Mswisi, 1997, yule dada wa gauni anayevunja vioo vya magari kwa ua refu, ni picha mbili zinazorushwa kwenye kuta zinazokutana kwenye kona. The Nest Collective, kikundi cha wasanii wa Nairobi, Return to Sender yao kule Kassel, Ujerumani, 2022, walijenga kibanda cha marobota ya mitumba uwanjani na video ikawa inaonyeshwa humo ndani, kwa hiyo ukiipata video peke yake umepata nusu. Siku zote tafuta na picha za chumba chenyewe kabla hujaichezesha.

Ukikuta Vimeo imefungwa kwa nywila usikate tamaa. Tafuta barua pepe kwenye tovuti ya msanii, andika mistari mitatu tu, wewe nani, umeona kazi gani yake nyingine, unaomba uangalie tu hutasambaza. Wengi hawajibu. Wanaojibu wanatuma nywila siku hiyohiyo, na mara nyingine wanauliza umeionaje, kwa hiyo iangalie kabla hujasema asante.