Jicho jekundu linalorudirudi: laweza kuwa TB?

SWALI: Mdogo wangu, miaka 32, jicho lake la kulia limekuwa jekundu mara tatu tangu Januari. Akitiwa matone ya steroidi linatulia, akiacha linarudi na ukungu. Sasa daktari wa macho anashuku TB. Hakohoi, na eksirei ya kifua ni safi. Kweli aanze dawa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Poleni sana. Eksirei safi haiondoi TB ya jicho. Bakteria husafiri kwa damu na kutua kwenye uvea, tabaka la jicho lenye mishipa tele, hata kama mapafu hayaoneshi kitu. Na huko kurudirudi ndiko kunakotia shaka: steroidi hutuliza mchochota (wekundu na uvimbe), haiui bakteria.

Kuwanasa ndani ya jicho ni vigumu, maana huwa wachache mno. Kwa hiyo daktari hupanua mboni kwa matone na kutafuta mabaka ya manjano nyuma ya retina (tabaka la ndani linalopokea mwanga), au ukingo wa mboni uliogandamana na lenzi. Apimwe pia TB kwa sindano ya ngozi (jibu husomwa baada ya saa 48 hadi 72), VVU na kaswende. Kaswende msiiruke, huiga ugonjwa huu vizuri sana.

Ushahidi ukielekea TB, aanze. Miezi 2 ya dawa nne kwenye kidonge kimoja cha mchanganyiko. Mwenye kilo 50 humeza vidonge 3 kwa siku. Kisha mbili kati ya hizo, raifampisini na aisoniazidi, kwa miezi 4, ingawa madaktari wengi wa macho hufikisha 9 kwa jumla. Kwenye vituo vya umma dawa hizi ni bure. Steroidi huendelea sambamba na kupunguzwa polepole. Wiki za mwanzo jicho laweza kuzidi, kwa kuwa mwili unapambana na mabaki ya bakteria waliokufa. Arudi kliniki, asikatishe dozi.

Ila ethambutoli, mojawapo ya hizo nne, yaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho, hasa figo zikiwa dhaifu. Kabla ya kuanza, na kila mwezi, apimwe uoni na rangi, jicho moja moja. Nyumbani atazame kifuniko chekundu cha soda, akiziba jicho moja kisha la pili. Wekundu ukififia, aende kliniki siku hiyo hiyo, ethambutoli isimamishwe.